Tunachovua Tunakijua, Kilichobaki Je?

Hotuba ya mhasibu kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa harambee, kabla ya bajeti kupigiwa kura



Nimeombwa nieleze fungu moja tu la bajeti, lile lililoandikwa "kamera za chini ya maji". Tangu makaratasi yaanze kuzunguka nimepigiwa simu nyingi. Mmoja aliniuliza kama chama sasa kinatengeneza filamu. Swali lake ni la haki. Pesa za harambee ni jasho la watu, na mtu akiona neno kamera kwenye bajeti ya kijiji chenye zahanati isiyo na paa zima, lazima aulize.

Mimi si mtu wa samaki, ila wa kuwala. Kazi yangu ni hesabu. Kwa hiyo naanzia ninapopajua, yaani dukani.

Kila duka lenye ghala lina hesabu mbili. Ya kwanza ni ya kilichotoka: leo tumeuza magunia mangapi, kwa bei gani, nani amekopa. Ya pili ni ile ya kufunga mlango mwisho wa mwaka, watu wakaingia ghalani na karatasi na kalamu, wakahesabu kilichobaki kimoja kimoja. Sisi wahasibu hatumwamini mtu aliye na hesabu ya kwanza peke yake, hata awe mcha Mungu vipi. Duka linaweza kuuza vizuri miaka mitatu mfululizo huku ghala likiisha polepole, na siku ya kujua ni siku mteja anaomba unga, mkono ukaingia ndani ya pipa ukagusa chini.

Bahari yetu ina ile hesabu ya kwanza. Kanuni za BMU zilitoka mwaka 2007, na tangu hapo kwenye bandari zetu nyingi kuna kijana mwenye mizani na daftari anayeandika kilo, aina ya samaki, na mtego uliotumika. Kazi nzuri, na iendelee. Lakini kilo zikibaki zilezile haina maana kwamba samaki wamebaki walewale. Mvuvi aliyekuwa akitega malema mbele ya nyumba sasa anatoka usiku wa manane, anakwenda mara mbili ya mwendo wa zamani, anakaa zaidi, anarudi na kilo zilezile. Daftari linasema mambo ni shwari. Mgongo wake unasema jingine, na bei ya petroli kwa wenye injini inasema la tatu.

Hesabu ya pili, ile ya ghalani, wanakijiji hatujawahi kuifanya wenyewe. Ndiyo tunayoiombea pesa.

Sasa, mtaniambia wataalamu wamehesabu. Ni kweli. Tim McClanahan na wenzake wamekuwa wakipiga mbizi na kuhesabu samaki kwenye miamba ya Kenya tangu miaka ya 1980, na mengi tunayoyajua kuhusu miamba yetu yametoka kwenye kazi hiyo. Kwa mfano, ni wao walioonyesha kwamba kikande akivuliwa akaisha, wale wadudu wa miba mirefu tunaowakwepa tukitembea mwambani maji yakitoka huzidi kupita kiasi, wakautafuna mwamba wenyewe. Kikande mmoja anayeliwa leo kwa chapati ni mlinzi aliyeondolewa kazini. Jambo hilo lilijulikana kwa sababu watu waliingia majini wakahesabu.

Lakini mpiga mbizi ana mipaka yake. Hewa yake inaisha. Kina kikizidi, inambidi apande. Na kubwa zaidi, samaki wanamwona. Pale watu wanapovua kwa bunduki ya mkuki, chewa akiona tu kivuli cha binadamu anaingia pangoni. Pale pasipovuliwa, kama ndani ya hifadhi, chewa huyohuyo anakuja kukutazama usoni. Ukilinganisha hesabu mbili hizo, unaweza kuwa umelinganisha woga badala ya kulinganisha samaki. Na hata mpiga mbizi awe hodari namna gani, alichoandika kwenye kibao chake ndicho hichohicho. Mwingine hawezi kurudi nyuma akahakiki. Kwa lugha ya ofisini kwetu, hakuna risiti.

Kamera inaacha risiti. Ukibisha hesabu, filamu inarudishwa nyuma, watu wanaikalia tena.

Mtambo wenyewe hauna maajabu. Ni fremu ya vyuma ambayo fundi wa kuchomelea wa pale nyumbani anaweza kuiunda akionyeshwa mchoro. Juu yake inafungwa kamera ndogo ndani ya kasha lisiloingia maji, za aina ya GoPro ambazo watalii wa Wasini huzivaa kichwani. Mbele ya kamera, kiasi cha hatua moja na nusu, kuna bomba la plastiki lililochomoza, na kwenye ncha yake mfuko wa wavu wenye chambo. Kamba inapanda juu hadi kwenye boya. Unashusha fremu, inakaa chini, chombo kinaondoka kabisa, na kamera inabaki peke yake na samaki kwa saa nzima. Halafu unarudi, unavuta kamba. Hakuna anayelowa ila mikono.

Chambo ni samaki wa mafuta, kama kilo moja, waliopondwa ili harufu itoke. Harufu inafuata mkondo, na samaki wanafuata harufu. Hapa kuna jambo ambalo wavuvi wa mkondo wa Wasini walilishika kabla sijamaliza kueleza: mkondo ukiwa mkali harufu inakwenda mbali zaidi, kwa hiyo wageni wanatoka mbali zaidi, na hesabu inapanda bila samaki kuongezeka. Ndiyo maana tunashusha siku za maji mafu, na kila mara tunaandika mkondo, kina na umbali ambao kamera inaona. Na fremu mbili haziwekwi karibu. Mradi mkubwa nitakaoutaja baadaye uliweka angalau mita 500 kati ya fremu na fremu. Sababu yake mtaielewa haraka, kwani nyote mmeona mjumbe anayehudhuria mikutano miwili siku moja akachukua posho mara mbili. Samaki naye ana tabia hiyo.

Njia hii haikubuniwa jana. Mwaka 1995 watafiti wa Hawaii walichapisha kazi ya kuhesabu samaki wachanga kwa kamera yenye chambo, mahali penye kina kisichofaa kwa wapiga mbizi. Mwaka 2000 wenzao wa New Zealand walilinganisha mshipi, mpiga mbizi na kamera ndani na nje ya hifadhi, wakakuta kwamba njia moja haimtoshi kila samaki. Miaka michache baadaye, kwenye Great Barrier Reef ya Australia, Mike Cappo na wenzake walilinganisha kamera na wavu wa kukokota: kamera ilileta samaki wakubwa wanaotembea, wavu ulileta wadogo wanaojificha mchangani. Tofauti ni kwamba wavu ule ulikwangua chini na kuua ulichokihesabu.

Sasa nije kwenye sehemu iliyonifanya mimi, mtu wa vitabu, niikubali njia hii. Ni namna wanavyohesabu.

Fikirieni filamu ya saa moja. Changu anapita kushoto, anatoka kwenye picha. Dakika mbili baadaye changu mwingine anaingia kutoka kulia. Ni mwingine, au ni yuleyule amezunguka? Huwezi kujua. Mtu mwenye haraka ya kufurahisha wafadhili atahesabu kila anayepita, akafika 200. Kumbe ni changu 15 wanaozunguka mfuko kama watoto kwenye sufuria ya mandazi. Basi sheria ni hii: kwa kila aina ya samaki, unatafuta ile picha moja, katika saa nzima, iliyo na wengi kwa pamoja. Ukiona changu 9 kwenye picha moja, hao hawawezi kuwa samaki mmoja aliyerudi mara 9. Unaandika 9. Hata kama moyoni unaamini walikuwa 30, unaandika 9.

Huo ndio uangalifu tunaofundishwa darasani: mapato usiyoweza kuyathibitisha usiyaandike. Hesabu hii inapunguza, haizidishi, na mimi napendelea kitabu kinachopunguza. Ila inabidi tuielewe vizuri. Haitatuambia kuna samaki wangapi baharini. Itatuambia kama mahali hapa pana wengi kuliko pale, na kama mwaka huu ni wengi kuliko mwaka jana, mradi kila kitu kifanywe vilevile: chambo kilekile, saa ileile, msimu uleule. Mwaka mmoja ukitumia dagaa na mwaka wa pili vichwa vya jodari, umeharibu vitabu.

Na sifuri iandikwe. Nasisitiza kwa sababu najua tabia zetu. Fremu ikikaa saa nzima pasije hata samaki mmoja, mtu atasema hiyo haikufanya kazi, tuifute, tushushe tena pengine. La. Kama lenzi ilikuwa safi na fremu haikuanguka, sifuri ni hesabu kamili, na pengine ndiyo hesabu muhimu kuliko zote za siku hiyo.

Fremu mbili kati ya nne tunazoomba zitakuwa na kamera mbili kila moja, zimefungwa kwenye mti mmoja na kugeuziana uso kidogo, kama macho yako mawili. Kwa picha hizo mbili kompyuta inaweza kupima urefu wa samaki. Zinagharimu zaidi, na kuna mjumbe wa kamati aliyetaka ziondolewe. Naomba zibaki. Samaki akirefuka mara mbili, uzito wake unaongezeka karibu mara nane, na jike mkubwa hutaga mayai mengi sana kuliko majike wadogo kadhaa wakijumlishwa. Tengefu linaweza kuwa na idadi ileile ya chewa kama nje, lakini wa ndani wakawa wazee wenye mayai na wa nje wakawa vijana wa shule. Ukihesabu vichwa tu, utasema tengefu halina faida. Ukipima urefu, utasema mengine.

Wengine wameuliza: kwa nini mnataka kushusha kamera kwenye mikoko na nyasi, ambako hakuna mtalii wala samaki mkubwa? Mbona hamwendi mwambani moja kwa moja?

Kwa sababu ghala letu lina vyumba vinne. Kuna mikoko. Kuna nyasi za bahari kati ya mikoko na mwamba. Kuna mwamba wa ndani, ambako maji ni kifua wakati yametoka. Na kuna mteremko wa nje. Samaki wengi tunaowala hawazaliwi, hawakui na hawazeeki chumba kimoja. Mwaka 2013 watafiti, Ismael Kimirei wa Tanzania akiwa mmoja wao, walichapisha kazi ya kupima vijiwe vilivyo ndani ya masikio ya samaki wa jamii ya changu. Kijiwe kile hukua pamoja na samaki na kuhifadhi alama ya maji aliyoishi tangu utoto. Walikuta kwamba wengi wa waliovuliwa mwambani wakiwa wakubwa walikuwa wamekulia sehemu za mikoko na nyasi. Kwa hiyo changu anayekosekana mwambani mwaka huu pengine alipotea miaka kadhaa nyuma, pale juya lilipokokotwa juu ya nyasi na vitoto vikamwagwa pwani. Ukihesabu mwamba peke yake, utamlaumu mvuvi wa mwambani kwa deni la mtu mwingine.

Gazi wanalijua hili kwa mikoko. Mikoko Pamoja ilipoanza kuuza hewa ya ukaa, miti ilipimwa kwanza, na hakuna aliyelipa kabla ya vipimo. Samaki wanaokulia chini ya miti hiyo hatujawapima sisi.

Kila chumba kina shida yake. Kwenye mikoko maji yana tope, kamera inaona umbali wa mkono tu. Hapo tutashusha maji yakiwa yamejaa, bila chambo, na tutaridhika na kidogo. Kwenye nyasi shida ni tafi. Tafi ndiye anayejaza malema yetu na ndiye anayeleta pesa ya kila siku, lakini ni mla majani. Samaki aliyepondwa hamwiti kama anavyomwita changu au mkunga. Kamera yenye chambo peke yake ingetuonyesha bahari iliyojaa wala nyama, na tafi akaonekana haba kuliko alivyo. Kwa hiyo kwenye nyasi nusu ya fremu zitakuwa na chambo na nusu hazitakuwa nacho. Wazo hilo nililipata kwa mzee mmoja wa malema aliyeniuliza, kwa upole, kama huko mjini tafi amesilimu akaanza kula nyama.

Mambo mengine kamera haitayaona kabisa. Samaki wa usiku. Pweza ndani ya tundu. Kamba mti. Tusije tukasema havipo kwa kuwa havikupigwa picha.

Nilisema nitautaja mradi mkubwa. Unaitwa Global FinPrint, ulianza mwaka 2015 kwa pesa za marehemu Paul Allen wa Marekani, na kazi yake ilikuwa kuhesabu papa na taa kwenye miamba ya dunia kwa njia hiihii ya fremu na chambo. Walishusha kamera kwenye miamba 371 katika nchi 58, wakapata zaidi ya saa 15,000 za filamu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Karibu miamba 20 katika kila 100 haikuonyesha papa hata mmoja. Na nchi sita zilitajwa kwamba hali yake ni mbaya kupindukia. Kulikuwa na Vietnam, Katari, Jamhuri ya Dominika, na visiwa vya Karibi vya Ufaransa na vya Uholanzi. Ya sita ni Kenya. Katika nchi hizo zote zikiwekwa pamoja, kwa zaidi ya saa 800 za kamera, walionekana papa watatu.

Wazee mlioko hapa mlitega jarife mkaleta papa bandarini hadi mkachoka kuwabeba. Watoto wetu wanamjua papa akiwa mkavu.

Sikuleta habari hiyo kuwatia huzuni. Nimeileta kwa sababu mbili. Kwanza, dunia nzima ilisoma hesabu ya bahari yetu kabla sisi wenyewe hatujaisoma, na sidhani kuna kijiji chetu kimoja kilichoitwa kikaonyeshwa filamu. Pili, mradi ule ulitazama pia ni kitu gani kinachoenda pamoja na kupotea kwa papa. Kimojawapo kilikuwa ukaribu wa mwamba na soko kubwa la watu. Na pale nafuu ilipoonekana, palikuwa na mipaka ya uvuvi: maeneo yaliyofungwa, viwango vya kuvua, kukatazwa kwa aina fulani za nyavu.

Soko linatusogelea. Bandari mpya ya uvuvi ya Shimoni tunaifurahia sote, nami ni wa kwanza. Barafu itapatikana, lori litafika, mama karanga hatauza tena kwa hasara jua likizama. Lakini mlango mkubwa wa ghala hauongezi magunia ndani. Bajeti ya mwaka huu ina mapendekezo mawili mengine, chumba cha barafu na mashua ya kwenda maji makuu, na yote mawili yanategemea samaki ambao hakuna aliyewahesabu. Chumba cha barafu nakiunga mkono. Mashua, kwa maoni yangu, isubiri mzunguko wa kwanza wa kamera. Najua maneno haya hayatanifanya nipendwe na meza ile ya kulia.

Kuna hofu mbili nimezisikia, na zote zina msingi. Ya kwanza: serikali itachukua filamu zetu ione pana samaki wengi, halafu ipafunge. Ya pili: wenye nyavu kubwa kutoka mbali watajua pa kwenda. Mapendekezo yetu ni kwamba filamu zikae kwa BMU husika, nakala moja kwa chama, na ramani ya mahali hasa fremu zilipokaa isichapishwe popote, hata kwenye kitabu hiki cha harambee. Kitakachotolewa ni jumla ya kila chumba. Vibali vya utafiti vya NACOSTI tutaviomba, na kwa Kisite ruhusa ya KWS, na KMFRI tutawaomba watufundishe vijana. Tukishirikiana nao kwa mkataba ulioandikwa nani mwenye filamu, sioni haja ya kukimbiana.

Kisite naitaka kwa sababu maalumu. Mle ndani hakuvuliwi kabisa, na Mpunguti jirani yake huruhusiwa zana za jadi. Ni mwamba wetu, maji yetu, samaki walewale. Itatupa kipimo cha ghala lililojaa lilivyo, ili tusilinganishe umaskini wa leo na umaskini wa jana.

Halafu tengefu letu. Hapa ndipo penye moto. Ndani ya ukumbi huu wapo wanaosema tengefu limeleta samaki na wapo wanaosema limefukuza wavuvi bure, na kila upande umenivuta pembeni kwa wakati wake ukinihakikishia kwamba kamera zitauthibitisha. Mimi naomba kitu kimoja kabla ya fremu ya kwanza kuguswa na maji. Wazee wa pande zote mbili wakae, waandike, waweke saini: tukikuta hivi baada ya mizunguko mitatu, tutafanya hivi, tukikuta vile, tutafanya vile. Kama ndani na nje ni sawa kwa idadi na kwa urefu, tengefu lifunguliwe au lihamishwe. Kama ndani ni zaidi, anayeingia usiku na nyavu ajue kijiji kizima kimeona picha. Hesabu ikija kabla ya makubaliano, kila mtu ataisoma anavyotaka. Nimeona hayo kwenye makampuni yenye wanasheria, seuze sisi.

Kuhusu kazi yenyewe. Vyumba vinne, vituo 12 kila chumba, jumla 48. Mwamba wa ndani utagawanywa sita ndani ya tengefu na sita nje. Vituo vya Kisite vitaongezwa juu yake ruhusa ikipatikana. Kwa fremu nne, mara tatu kwa siku, ni siku nne za bahari, na akiba ya siku mbili kwa upepo. Tutafanya wakati wa kaskazi, maji yakiwa meupe. Mtaalamu angetaka vituo zaidi. Naye angekuwa na haki, ila asingekuwa na bajeti hii.

Mnaoangalia meza ya gharama kwenye ukurasa unaofuata mtaona kitu cha ajabu: kamera si ghali kuliko vyote. Ghali ni macho. Saa moja ya filamu hula kama saa tatu za mtu anayejua samaki, kwa kuwa anasimamisha, anarudisha, anahesabu, anaandika. Saa 48 za filamu ni karibu saa 144 za kazi. Hapa ndipo miradi mingi hufa: filamu zinajaa kwenye diski, hakuna anayezitazama. Tumetenga malipo ya vijana sita waliomaliza kidato cha nne, wanawake watatu na wanaume watatu, na mzee mmoja wa bahari kwa kila wawili. Filamu moja katika kila tano itasomwa mara mbili na watu wasiojuana majibu. Wakitofautiana sana, inasomwa mara ya tatu. Huo ni ukaguzi, na sitauondoa hata mkipunguza mengine.

Watahitaji kwanza orodha moja ya majina. Sisi tunasema tafi, Unguja wanasema tasi, na hata kati ya vijiji vyetu kuna samaki wenye majina mawili. Bila orodha, aina moja itaandikwa mara mbili na vitabu havitafunga. Mama karanga wamekubali kusaidia, maana wao huwaona samaki wadogo ambao wenye mashua huwatupa bila kuwatazama.

Usiku wa kumaliza mzunguko, kabla ya ripoti yoyote kuandikwa, filamu zitaonyeshwa kijiji kwa kijiji kwenye ukuta wa shule. Projekta ya kukodi imo kwenye bajeti, mstari wa mwisho. Kwa maoni yangu huo ndio mstari bora kuliko yote, na ndio wa bei rahisi.

Fomu za ahadi ziko kwa mweka hazina, meza ya karibu na mlango. Mtu au tawi linaweza kulipia kituo kimoja kizima, kuanzia chambo hadi saa za kusoma filamu. Jina lake litapakwa rangi kwenye fremu, ingawa nawaonya mapema kwamba watakaolisoma kwa utulivu zaidi ni chewa.